Kamera Tuliyonunua Mwaka 2016

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kliniki, lishe ya watoto na usafi wa nyumba. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya kamera. Akina mama wa vikundi vya Bunda na Butiama wametuuliza mara nyingi: je, ni busara kikundi cha wanawake kuweka fedha zake katika kamera kubwa, wakati karibu kila nyumba sasa ina simu inayopiga picha? Na ikinunuliwa, itadumu? Sisi tutajibu kama watu waliokaa na chombo chenyewe kwa zaidi ya miaka minane, wakakibeba mgongoni kwenye bodaboda na kukifuta vumbi kila Jumapili jioni.

Yetu ni Canon EOS 6D. Tuliinunua mwaka 2016 ikiwa imekwisha kutumika na mtu mwingine, kwa fedha za kibubu cha kikundi. Gharama yake ililingana na ng'ombe wawili wazuri kwa bei ya mnada wa wakati ule. Kabla ya hapo tulikuwa tumechoka kukodi wapiga picha. Fundi mmoja alichukua malipo yote ya kipaimara cha watoto wetu, akaleta picha baada ya miezi mitano, na nusu yake zilikuwa za watoto wa kanisa jingine. Siku hiyo ndipo kibubu kilipoanzishwa.

Kamera hii ni ya aina ambayo mafundi huiita fremu kamili. Neno hilo linawatisha watu bure. Wenye umri kama wetu mnakumbuka filamu za picha 36, zile tulizopeleka studio kusafishwa tukasubiri wiki nzima. Negativu moja ya filamu ile ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kipimo hicho kilitoka Ujerumani, kwa fundi Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz, aliyechukua filamu ya sinema na kutengeneza kamera ndogo ya mkononi. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Katika kamera ya kisasa hakuna filamu, bali kuna kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kibamba hicho kikiwa na ukubwa ule ule wa negativu ya zamani, kamera inaitwa fremu kamili. Canon za bei ya chini zaidi zina kibamba cha milimita 22 kwa 15 hivi, yaani chini ya nusu ya eneo lile. Cha simu ni kidogo kuliko ukucha.

Faida yake ni rahisi kueleza kwa mama yeyote anayekinga maji ya mvua. Weka nje beseni na kikombe kwa dakika zile zile, kisha uangalie kipi kimepata maji mengi. Mwanga nao ndivyo ulivyo. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, saa kumi na moja jioni, umeme umekatika na bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, beseni linaokoa siku.

Kwa muda mrefu beseni hilo lilikuwa la matajiri. Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 8,000. Mwaka 2005 ikaja 5D kwa dola 3,299. Mwezi Septemba 2012 zilitangazwa mbili kwa mpigo, Nikon D600 na hii yetu, 6D, kila moja kwa dola 2,099. Hizo ndizo zilizofungua mlango wa chini wa nyumba ya fremu kamili, na sisi tuliingia kwa mlango huo miaka minne baadaye, zilipokwisha kushuka bei kwa kutumika.

Walichopunguza ili iwe rahisi

Bei haikushuka bila sababu, na anayefikiria kununua kamera ya namna hii hana budi kujua kilichoondolewa. Haina taa yake yenyewe juu ya kichwa. Ina nafasi ya kadi moja tu. Ina vituo 11 vya kulenga, na cha katikati ndicho chenye nguvu; vilivyobaki vinasitasita gizani. Inapiga picha nne na nusu kwa sekunde, kwa hiyo anayetaka kukimbizana na wachezaji wa mpira atafute nyingine.

Kukosa taa hakujatuumiza hata kidogo. Taa ya kamera ikimulika uso wa mtu kwa karibu huufanya ung'ae kama sahani iliyopakwa mafuta, na watoto wachanga hushtuka. Kile kituo cha katikati kinaweza kulenga hata katika mwanga wa mbalamwezi, tena hilo si tangazo la dukani, kwani tumelijaribu kwenye mikesha. Unaweka kituo juu ya jicho la mtu, unabonyeza kitufe nusu, unasogeza kamera kidogo upange picha, kisha unamalizia kubonyeza. Mama aliyezoea kuingiza uzi kwenye tundu la sindano atajifunza jambo hilo kwa siku moja.

Nafasi ya kadi moja ndiyo inayotaka akili. Kadi ikifa katikati ya harusi, harusi hairudiwi. Kadi ya GB 32 inaweza kubeba picha zaidi ya 4,000 za kawaida, na hicho ndicho kishawishi chenyewe, kwamba mtu aiache moja tangu asubuhi hadi keki ikatwe. Sisi tuna kadi tatu. Ibada ikiisha, kadi ya kwanza inatoka na kuingia katika mkoba wa mama mmoja. Ukumbini inaingia ya pili, nayo jioni inaondoka na mama mwingine. Hawapandi gari moja kurudi nyumbani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Kamera hii ina chombo cha kupokea setilaiti, kinachoandika picha ilipigwa mahali gani. Chombo hicho kikiachwa wazi kinaendelea kunyonya betri hata kama kamera yenyewe imezimwa. Kizimeni kwenye menyu, mkisahau. Betri ikiwa nzima inapiga picha zaidi ya 1,000 kwa chaji moja, na huku kwetu ambako umeme una tabia zake, hiyo ni baraka ambayo kamera nyingi mpya hazina.

Lenzi ni habari nyingine. Tuna mbili. Moja ni ya milimita 50, ile nyepesi ya bei ya chini kabisa, na picha tunazozipenda zaidi zimetoka kwayo. Nyingine ni ya kuvuta karibu na mbali, nzito, inayobeba kazi za ukumbini. Mnaponunua lenzi za mkononi, angalieni alama pale inapofungwa. Lenzi za Canon zenye kialama cha mraba mweupe ni za kamera za kibamba kidogo, haziwezi kufungwa kwenye 6D. Zenye nukta nyekundu peke yake ndizo zenu. Tunafahamu kikundi kimoja kilichouziwa lenzi tatu kwa mkupuo, na zote zilikuwa za mraba mweupe. Ng'ombe mzima amelala kabatini.

Shela jeupe na nyuso zetu

Tungependa kulikalia hili kidogo, maana kamera ghali hailitatui yenyewe. Kila kamera inapopima mwanga hudhani kwamba dunia ina rangi ya kati, kijivu. Ikiona shela kubwa jeupe inafikiri mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unageuka kivuli. Ndiyo sababu katika albamu nyingi za harusi mnaona nguo safi kabisa na watu wasiotambulikana. Dawa ni kuiambia kamera iongeze mwanga, vituo viwili au vitatu vya ile gurudumu ya nyuma, na kukubali kwamba ukuta wa nyuma utakuwa mweupe kupita kiasi. Ukuta hauna mama mzazi anayetaka kumwona.

Mambo haya yana historia. Miaka mingi maabara za Kodak zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Rangi zikimpendeza yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Filamu ikaboreshwa kwa rangi za kahawia kwa kiasi kikubwa baada ya malalamiko ya viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Tulipolisoma jambo hilo kikundini tulicheka, kisha tukanyamaza. Bibi zetu wengi wapo katika picha za miaka ile kama weusi mtupu wenye macho na meno.

Ziwa, vumbi na fangasi

Anayeishi kando ya ziwa ana adui ambaye watu wa nyanda kavu hawamjui, naye ni fangasi wa lenzi. Huanza kama uzi wa buibui ndani ya kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hupenda giza, joto na unyevu, yaani mkoba wa ngozi uliofungwa na kuwekwa kabatini tangu masika hadi vuli. Lenzi ikishaliwa, fundi mzuri anaweza kuifungua na kuisafisha, lakini alama mara nyingi hubaki.

Kamera yetu hailali katika mkoba. Inalala katika chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye mfuniko wa kubana, pamoja na punje za silika za kunyonya unyevu. Sisi wauguzi tunazijua punje hizi kutoka kwenye makopo ya dawa. Zipo za rangi ya bluu zinazogeuka waridi zikishiba maji. Zikaangwe taratibu juu ya moto mdogo hadi zirudie bluu, katika sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena, na ziwekwe mbali na watoto kwa sababu rangi ile ni sumu. Wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi lake, basi ule liwe pilau. Dawa iliyo kubwa kuliko zote haina gharama: itumieni kamera kila wiki, na lenzi zipate mwanga na hewa.

Vumbi ni la Bunda. Wakati wa kiangazi, katika barabara za vijijini, unaweza kuandika jina lako juu ya kamera kabla hujafika unakokwenda. Wapiga picha hununua mpira maalumu wa kupulizia. Sisi tulinunua duka la dawa mpira mpya wa kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga, nao unafanya kazi ile ile. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi na mafuta. Usibadilishe lenzi barabarani, wala ufukweni jioni wale vijidudu vya ziwani wanapoinuka kama moshi. Mmoja akiingia ndani atapigwa picha katika kila harusi hadi mwisho wa mwaka. Kujua kama vumbi limeingia, piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi 16. Madoa yataonekana. Hiyo ndiyo njia ya kumpima pia anayewauzia kamera ya mkononi, na asipokubali mpige picha ya ukuta, ondokeni.

Uzito nao tuutaje. Ikiwa na betri ni zaidi ya robo tatu ya kilo kabla ya lenzi, na ile lenzi kubwa inaifanya ifikie kilo na nusu. Kwa saa nane za harusi hilo ni shingo kuuma siku mbili. Tumeuacha mkanda wa shingoni. Tunapitisha mkanda mrefu begani hadi ubavuni, kama unavyombeba mtoto kwa kanga upande, na nyonga ndiyo inayochukua mzigo.

Picha za harusi ya Bunda

Sasa tufike penye uzito wa makala haya. Mwaka 2017 tulipiga picha za harusi moja Bunda, harusi ya kawaida, watu kama 150 na turubai mbili. Mwaka 2021 yule bwana alifariki. Baada ya msiba ukoo ulikaa, na katika kikao ikasemwa kwamba mama yule hakuwa mke bali mtu aliyeishi tu pale nyumbani, kwa hiyo shamba na nyumba virudi kwa ukoo. Cheti cha ndoa hakikuonekana. Sanduku la marehemu lilikuwa limefunguliwa na watu kabla ya arobaini. Mama akabaki na watoto wawili na maneno yake mwenyewe.

Alitupigia simu, akauliza kama zile picha bado zipo. Zilikuwapo. Tulichapisha 20 za saizi ya postikadi tukazipeleka siku iliyofuata. Zilitandazwa mkekani. Katika picha mmojawapo wa wazee waliokuwa wakikana amekaa mstari wa mbele, amevaa koti, ameshika kipande cha keki ambacho bibi harusi ndiye anayemlisha. Nyingine inamwonyesha shemeji akitia sahihi kitabuni. Hakuna aliyegombana na picha hizo. Kikao kilikaa kimya, kisha mzee mmoja akaomba maji.

Tuseme wazi ili tusimpotoshe mtu: picha si cheti. Chenye nguvu ni cheti na daftari la ndoa, na mama aliyepoteza cheti anaweza kufuatilia nakala kanisani alikofungia ndoa na kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mama huyu alifanya hivyo, na mirathi ikaendelea mahakama ya mwanzo kwa utaratibu wake. Hata mwanamke asiye na cheti asikate tamaa mapema, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudhaniwa kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimika kama mume na mke. Lakini yale majuma kabla ya mahakama, ambapo mjane anatolewa ndani na godoro lake, picha zilimshikia mlango.

Tangu hapo hesabu yetu juu ya kamera ilibadilika. Zamani tuliuliza, je, picha ni nzuri? Sasa tunauliza, je, itakuwapo baada ya miaka minne? Na hapo mtaona kwamba ubora wa kamera si kitu kikubwa sana. Mpiga picha mwenye kamera ya mamilioni anayefuta kazi zake baada ya miezi mitatu kwa kukosa nafasi, asingemsaidia mama yule.

Basi kila picha ya kikundi inakaa mahali pawili. Tuna diski mbili za nje, moja Musoma na moja kwa mama mmoja Bunda, ili moto au mwizi wa nyumba moja asimalize kila kitu. Flashi na kadi ni za kusafirishia, si za kuhifadhia. Kila mwezi wa kwanza diski zote mbili zinafunguliwa na kujaribiwa, kwa sababu diski inaweza kufa kimya kimya ikiwa kabatini. Majalada yanaitwa kwa mwaka, mwezi na mahali. Na kila tukio, lazima picha 12 zichapishwe kwenye karatasi, majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini. Karatasi haihitaji chaji. Epukeni tu albamu za kurasa zenye gundi. Kwa unyevu wa ziwa picha hunata humo zisitoke tena.

Kuna kanuni moja zaidi. Anayeshika kamera naye apigwe. Tulipopanga picha zetu za mwaka wa kwanza tuliona wapo watoto, wapo wachungaji, wapo akina baba na mbuzi wa zawadi, lakini mama aliyekuwa akipiga hakuonekana hata mara moja kwa miezi tisa. Ni kama mpishi asiyeonja. Sasa kamera inabadilishana mikono kila saa mbili.

Mahali kamera isipokwenda

Kwa kuwa sisi ni wauguzi, hili tunalisema kwa ukali kidogo. Wodi ya wazazi si mahali pa kamera, hata kama mtoto ni mzuri namna gani, mpaka mama mwenyewe amevaa, ameketi na amekubali. Mgonjwa asiyeweza kukataa hawezi pia kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake.

Mkoa wetu una wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa Desemba shule zinapofungwa, na Butiama na Mugumu zipo nyumba salama zinazowapokea. Tukienda huko na sabuni au sare za shule, kamera inabaki nyumbani. Wageni wengi hupenda picha ya kukabidhi msaada. Uso wa msichana aliyejificha, ukizunguka katika makundi ya simu, unaweza kufika kijijini kwao kabla ya gari la wageni kufika Makutano.

Vijana wetu wanataka mpya

Mwaka uliopita vijana wa kanisa walituletea hoja. Walisema 6D ni ya kizamani, iuzwe, tuchukue EOS RP ya mwaka 2019 au R8 ya mwaka 2023, ambazo nazo ni za mlango wa chini. Hoja yao haikuwa ya kitoto. RP ikiwa na betri ina gramu 485 tu. Inatafuta jicho la mtu yenyewe, na R8 inaweza kupiga bila sauti katikati ya sala. Lenzi zetu za zamani zingefaa kwa kutumia kiunganishi. Vilevile ni kweli kwamba viwanda vimehamia huko, na kamera kama yetu haitapata mrithi.

Tuliwasikiliza, kisha tukafungua daftari. Pazia la ndani la 6D, lile linalofunguka na kufunga kwa kila picha, kiwandani lilijaribiwa kwa mara 100,000. Yetu ilikuwa imepiga 71,000 tangu tuipate, mbali na alizopiga mwenyewe wa kwanza. Linaweza kufa kesho, linaweza kuendelea miaka mitano. RP kwa kipimo cha kiwanda ni picha 250 kwa chaji moja, kwa hiyo harusi moja inataka betri nne. Nasi tulipoweka mezani picha zilizochapishwa, za 2016 na za mwezi uliotangulia, hakuna kijana aliyeweza kusema ni nini hasa ambacho megapikseli 20 zimeshindwa.

Uamuzi ulikuwa huu. Kamera inabaki hadi pazia life. Likifa, tutanunua mwili mpya na kuzibakiza lenzi. Fedha za kibubu za mwaka huo zilinunua diski ya tatu na kulipia kuchapisha picha za miaka mitano zilizokuwa hazijawahi kuguswa na karatasi. Vijana wawili, wa kike wote, ndio waliopewa ufunguo wa kabati, na kwa kweli wanapiga vizuri kuliko sisi.

Kazi tunayoendelea nayo ni ya bibi zetu wa vijiji vya Butiama. Mtu akitembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, ataona picha nyingi za Mwalimu. Nje ya hapo, katika nyumba za jirani, tumeingia misibani ambako picha pekee ya marehemu ilikuwa ya kitambulisho cha taifa, imekuzwa hadi uso ukawa vumbi. Kwa hiyo Jumamosi moja kila mwezi tunakwenda, tunaanza saa kumi alasiri jua linapolegea, kivulini mwa ukuta au mwembe, mama mmoja akishika kanga nyeupe upande wa pili irudishe mwanga usoni. Lenzi ni ile ya milimita 50. Hatuwapangi. Tunapiga picha kama kumi, tunachapisha mbili: moja inabaki kwa bibi, moja kwa mtoto aliye mbali. Malipo ni gharama ya karatasi tu. Anayetaka bibi yake apigwe atuarifu kwa kiongozi wa kikundi cha kijiji chake, amtayarishe mapema, na aje naye na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, maana viti vya plastiki vya kanisani wengi wao huvikalia ukingoni tu, kama wageni.